Upande wa Ukutani

Kulia tayari, amesema Kabati, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, bila haya, kana kwamba miezi minane ni siku mbili, na sasa jimu nzima inamngoja yeye atangaze upande wake, kushoto tayari, maneno mawili tu, halafu ainame ashike nondo avute, lakini maneno hayaji, na Kocha ametoa filimbi mdomoni, anamtazama, na yule bwana wa kuruka kamba ameacha kuruka, si kwa kuchoka, kwa umbea, ngoja aone, ngoja aone mzee wa kilo mia na sitini akiinua kilo arobaini, arobaini, uzito wa mtoto wa darasa la tano, nondo yenyewe na sahani moja ya kumi kila upande, na akiinua watampigia makofi, hilo ndilo analoliogopa kuliko maumivu, makofi ya huruma, yale anayopigiwa mtoto akijisaidia chooni mwenyewe mara ya kwanza, na atakayepiga kwanza atamkumbuka, wallahi atamkumbuka... Sheria ya jimu hii ni kwamba mtu havishi nondo peke yake, wanavisha wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, kila mmoja akishachomeka sahani zake na kubana kibanio anatangaza upande wake kwa sauti, na chuma hakiguswi mpaka pande zote mbili zisikike, sheria ya Kocha hiyo, na Kocha huyohuyo ndiye aliyesema leo, bila kupepesa jicho, shemeji yako atashika kulia kama kawaida, kama kawaida, mwanamke huyu, medali zake tatu kazitundika juu ya pipa la maji ili kila mwenye kiu aziinamie, anajua fika anachofanya, kwa sababu Kabati huja asubuhi, miaka yote huja asubuhi, na yeye amekuja jioni makusudi, ametoka kazini moja kwa moja na vumbi la karatasi kwenye nyusi, anaingia, na nani huyu ameketi kwenye benchi anafunga viatu kama si yeye, mgongo kama mlango wa ghala, amewekewa mtego kama panya, na yeye kwa upanya wake akaingia.

Shemeji. Neno zuri linaharibiwa na watu. Mdogo wa mkewe angekuwa mtu mwingine yeyote, fundi saa, mpiga zeze, mlevi hata, mlevi ana nafuu, lakini yeye alijaliwa Kabati, mtu aliyemvunja mgongo, ingawa yule daktari wa viungo alisema haukuvunjika, alirudia mara ishirini na kalamu yake, haukuvunjika mzee, ni diski tu imetoka mahali pake ikabana mshipa wa fahamu, tu, kana kwamba hilo tu linapunguza kitu, mwambie tu wewe mtu aliyelala wiki tatu kwenye mkeka na miguu juu ya kiti, anakojoa kwenye kopo, anavishwa soksi na mke, mwanamume wa miaka arobaini na minne, soksi ya kushoto kwanza kwa sababu mguu huo hauhisi, kuanzia kalio mpaka kidole kidogo umekufa ganzi, na halafu mazoezi, lala chali, vuta kitovu ndani, nyanyua goti moja polepole, pumua, mende aliyepinduliwa ndiye anayefanya mazoezi hayo na hakuna anayemwita mgonjwa, na kule kiwandani kwenye uchapaji wakampa kiti chenye mto, mto wa maua, yeye mkata karatasi, na yule mjalidi wa vitabu aliyemzidi miaka mitatu anambebea rundo kutoka ghalani kila asubuhi na kusema acha mzee nikusaidie, mzee, yeye anaitwa mzee na mtu mwenye meno manne... Yote hayo kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua kutofautisha sahani na sahani. Kwa sababu sahani kubwa za jimu hii, zile za ishirini, hazikutoka dukani, zilimiminwa na fundi wa mtaa wa pili, kumi na mbili, zote zimeandikwa ishirini, na mbili kati yake zilitoka nzito, ishirini na nne kasoro kidogo, Kocha akazipima akazipaka mstari mwekundu na kutamka kwamba nyekundu kwa nyekundu, mmoja akishika nyekundu atamke nyekundu ili mwenzake achukue pacha wake, kwani ukisimama upande mmoja huoni upande wa pili umevishwa nini, basi, hakuna hesabu hapo, hata mtoto angeelewa, na siku ile, kilo mia na sitini, wageni wa klabu nyingine wameketi ukutani na vifua vyao, akavuta, na upande mmoja ukagoma chini, nyonga ikajipinda, akasikia ndani yake kitu kama uzi unaokatwa kwa meno, akaanguka, nondo ikaanguka, vibanio vikaruka, sahani zikatimka kila moja na njia yake, moja chini ya benchi, moja mpaka mlangoni, na watu walipoinama kuangalia hakuna aliyeweza kusema ipi ilitoka wapi, na yeye pale chini, kabla hajamwita hata mama yake, neno la kwanza alilosema lilikuwa Kabati amechanganya sahani.

Wakaamini. Nani asingeamini, nani asiyemjua Kabati, aliyeegemea sinki likang'oka, aliyekaa kwenye gari la rafiki yake kiti kikalala hakijaamka mpaka leo, aliyetia chumvi kwenye chai ya wageni siku ya mahari ya binamu yake, mtu ambaye mikono yake iko mbele ya macho yake daima, na zaidi ya hayo mwenyewe hakukana, alisimama akatazama ukuta, midomo ikataka kufunguka ikafunga, akainama akasema shika shingo yangu shemeji, akambeba mpaka kwenye gari mikononi kama bi harusi, mbele ya wageni, na mtu asiye na kosa angekana, si ndivyo, angekana hata kwa kuapa, wakati yeye mwenyewe, na hili si majivuno, anakata karatasi elfu mbili kwa pigo moja na ukizigonga mezani pembe zake ni kama pembe ya jani moja, miaka kumi na tisa, kazi moja tu ilirudishwa na hiyo mteja ndiye aliyeandika vipimo vibaya, mtu wa namna hiyo hachanganyi sahani. Alimwambia mkewe siku hiyohiyo, kabla dawa haijashika. Huyu mdogo wako asikanyage hapa. Mkewe alikuwa anakunja shuka, akaacha kukunja, akasema wewe ndiye unayeumwa, nitafanya unavyotaka, na akafanya, hilo ndilo balaa la mwanamke yule, akisema anafanya, mwanamke aliyemlea Kabati kwa mikono yake tangu mama yao alipofariki, yeye ana miaka kumi na minne na mwenzake minane, kamfundisha kusoma, kampiga, kamwogesha, na Kabati alipokuja na sufuria ya supu, ameishika kwa kitambaa, jitu zima, mkewe akamzuia getini, dirisha lilikuwa wazi, akasikia yote kutoka mkekani, nenda tu mdogo wangu, nenda, siku nyingine, na halafu akasikia bomba la jikoni likifunguliwa na maji yakimwagika muda mrefu sana na hakukuwa na vyombo vya kuosha. Na yeye alifurahi. Asidanganye, yupo peke yake humu kichwani, alifurahi, akasema kwa sauti ipenye mlango, kikulacho ki nguoni mwako, na akaridhika jinsi ilivyotoka vizuri.

Haya bwana mkubwa, anasema Kocha, kushoto tunakungoja. Wangoje. Wamengoja miezi minane watashindwa dakika? Yeye ndiye aliyeumia, na hata hivi sasa, hata kuuvisha huo upande wa kushoto kumemtoa jasho, kwa sababu aliyeijenga jimu hii alikuwa na ugomvi na wanadamu, kaiweka sehemu ya kuinulia kwenye kona, ncha ya kushoto ya nondo imeangalia ukuta na kati yake na ukuta hapatoshi mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole, na juu ya hapo kuna bomba la maji linateremka, kwa hiyo anayevisha kushoto anaingia ubavu ubavu, tumbo ndani, sahani kifuani kama mtu anayeiba trei, na bomba lina koki, na koki hiyo, Mungu ana utani wake, imekaa sawasawa na pale pabovu, imemchoma alipokuwa akiingia, imemchoma alipokuwa akitoka, akaona nyota, na jitu zima lenye afya zake limesimama kulia kwenye uwanja mtupu linajipangusa mikono, kwa nini, kwa nini mgonjwa aingizwe shimoni na mzima aachiwe sebule, alikuwa karibu kumuuliza Kocha, nusura amuulize, Kocha kwa nini leo asivishe yeye kushoto na mimi nikashika kulia, na jibu angelipata na kicheko juu yake, kwa sababu Kabati haenei. Kila mtu anajua haenei. Mwezi wa kwanza alipojiunga alijaribu kupita pale, akakwama, akajivuta, akatoka na bomba, maji yakajaa jimu nzima na akapiga deki mpaka jioni, na tangu siku hiyo hajapita, miaka kumi na moja hajapita, hata ukimwahidi mbingu, upande wake ni kulia, na kushoto daima ni wa yule mwembamba, kushoto ni wa... Na uliogoma ulikuwa upande gani?

Upande mmoja. Upande mmoja uligoma. Ndivyo anavyosimulia, upande mmoja, na anaonyesha kwa mikono, amewaonyesha wote, mkewe, mjalidi, jirani, msimamizi wa kiwanda, mkono huu ukapanda mkono huu ukabaki, na mkono unaobaki... Daktari wa viungo alimpa kalamu, akamwambia nionyeshe chuma kilikaaje, akaishika kalamu mlalo mbele ya kifua na akashusha ncha moja, na daktari akaandika, kushoto, akasema ndiyo maana mguu wa kushoto, na yeye akaitikia, ndiyo daktari, kushoto, akalipa akaenda nyumbani. Sasa hapana, ngoja, taratibu, usikimbilie shimo, kushoto kulikuwa kuzito, sawa, kulikuwa na nyekundu kushoto, sawa, basi Kabati ndiye aliyepaswa kuweka nyekundu kulia na hakuweka, kosa ni lilelile, kosa ni la kulia, asante, amepona... akaambiwa na nani aiweke? Nyekundu inatamkwa. Aliyeishika ndiye anayetamka. Ilikuwa juu ya rundo, pale kwenye bomba, ya karibu zaidi, aliichukua kwa sababu ya ukaribu na kwa sababu wale wageni walikuwa wakimtazama anavyojipenyeza na mmoja alisema kitu na mwenzake akacheka, kidole gumba kilikuwa juu ya ule mstari, rangi ilikuwa na mchubuko, aliuhisi, ameuhisi sasa hivi kwenye gumba lilelile, akaichomeka, akabana, akatoka ubavu ubavu na kifua mbele, akasema kushoto tayari. Tayari tu. Na Kabati akauliza. Jamani. Kabati aliuliza, akiwa amechuchumaa kule na sahani mkononi, tayari kawaida au nyekundu, aliuliza kwa sauti, na yeye akamjibu nini, alimjibu mbele ya wageni, nimesema tayari, masikio yako ni ya pambo? Na jimu nzima ikacheka, naye alicheka, na Kabati akachomeka ya kawaida akasema kulia tayari.

Kwa hiyo anajua. Huyu mtu aliyechuchumaa pale anajua tangu siku ile, tangu dakika ile, alipokuwa anatazama ukuta na midomo inataka kufunguka, alijua alipombeba, alijua alipofukuzwa getini na supu yake, angeweza kusema neno moja tu, dada mimi nilimuuliza, na dada yake angemwamini, jimu nzima ilisikia akiuliza, ingekumbuka ikikumbushwa, na hakusema, miezi minane hakusema, na kwa nini, nani alimwomba, nani alimpa ruhusa ya kumbebea mtu kosa lake kama furushi, alimwona ni mgonjwa asiyeweza kuambiwa ukweli, mende aliyepinduliwa asiongezewe mzigo, hiyo ndiyo dharau kubwa kuliko zote, bora angemtukana, bora angekuja nyumbani akavunja mlango, anamchukia, anamchukia sasa kuliko alivyomchukia asubuhi, asubuhi alikuwa anamchukia mkosaji, hilo ni jambo jepesi, mtu analala nalo usingizi mzuri, na sasa amchukie vipi, amshike wapi, hana pa kushika. Nyani haoni kundule, walikuwa wakisema kule kiwandani kila karatasi ikirudishwa, na yeye alikuwa akicheka kwa sababu zilizorudishwa zilikuwa za wengine... Na nini hiki? Ameinamisha kichwa Kabati, bado anakibonyeza kibanio ambacho kimeshabanwa, na shingoni nyuma nywele zimejaa, zimeteremka mpaka kwenye kola, zimejisokota juu ya masikio, chafu si chafu, ndefu tu, kama za mtu aliyefiwa, na Kabati hana tabia ya nywele ndefu, Kabati kichwa chake kilikuwa kinang'aa, kwa sababu kila Jumapili alikuja nyumbani, akaketi kwenye stuli uani, na dada yake akamnyoa, tangu ana miaka minane, hajawahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi hata siku moja, alikuwa akisema kinyozi atamkata sikio, wakimcheka, na sasa miezi minane, Jumapili thelathini na kitu, hakwenda kwa mtu mwingine. Anangoja. Jitu zima linangoja kunyolewa. Na ile mashine ya kunyolea iko kwenye droo ya jikoni, aliiona juzi akitafuta kiberiti, imepakwa mafuta, nani anaipaka mafuta mashine isiyotumika, aliifunga droo akaendelea kutafuta kiberiti.

Basi aseme. Kushoto tayari, aseme, maneno mawili, na mambo yatakwenda, hilo ndilo la ajabu, mambo yatakwenda vizuri kabisa, atainama kwa magoti kama alivyofundishwa, kitovu ndani, atavuta arobaini, watapiga makofi, wiki ijayo hamsini, na Kabati atashika kulia na kunyamaza, atanyamaza mpaka kaburini, anaona wazi kwamba atanyamaza, mtu akinyamaza miezi minane amekwisha kuzoea, na mkewe ataendelea kupaka mafuta mashine na kufungua bomba, na hakuna atakayejua, ni yeye tu na gumba lake. Au asiseme hilo, aseme jingine, na jioni hii aingie nyumbani, mkewe yuko jikoni, atamwambia nini, kwamba ulilifunga geti lako kwa mtu uliyemlea kwa sababu mimi niliona haya mbele ya wageni, na yeye atamtazama, hatapiga kelele, laiti angekuwa mtu wa kupiga kelele, ataacha anachokunja na kumtazama, na baada ya hapo kila soksi aliyomvisha, kila mguu aliouinua na kuulaza, atavikumbuka kimoja kimoja, ana haki, na atakapomtazama hivyo yeye atakuwa mtu gani, si mkata karatasi, si mgonjwa, si mzee wa mia na sitini, atakuwa mwongo tu aliyepona. Anaogopa. Haogopi nondo, nondo ni chuma, anamwogopa mwanamke mmoja mwenye shuka mkononi, na kwapani jasho linateremka na yule wa kamba anakohoa kwa makusudi na Kocha ameangalia saa ya ukutani.

"Kushoto nilikuwa mimi," anasema, taratibu, anaiambia ile shingo kwa sababu usoni hawezi. "Siku ile. Nilishika nyekundu, sikutamka."

Kabati hageuki. Anakiachia kibanio, anajipangusa viganja kwenye suruali, cha kulia kisha cha kushoto.

"Najua," anasema. "Mimi usiniambie, shemeji. Kamwambie dada."

Nondo iko palepale sakafuni na arobaini yake, na Kocha, ambaye hakusikia kitu, anauliza tena kama kushoto tayari, naye anajibu bado.